Risala ya wafugaji wa German Shepherd wa Arusha kwa Mgeni Rasmi, siku ya maonyesho ya mbwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa waamuzi na madaktari wa mifugo,
Wafugaji wenzetu, mabibi na mabwana,

Itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika uwanja huu, pamoja na vumbi lake. Tunajua ratiba yako imebana. Tunashukuru kwa kukubali mwaliko, na tunashukuru zaidi kwamba umefika mwenyewe, hukutuma mwakilishi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia tutaisema kwa kifupi. Tarehe 22 Aprili 1899, Max von Stephanitz, aliyewahi kuwa kapteni wa wapanda farasi katika jeshi la Ujerumani, alianzisha chama cha wafugaji wa mbwa hawa. Mbwa aitwaye Horand von Grafrath akaandikwa wa kwanza katika daftari la ukoo. Tangu siku zile maonyesho yalikuwa na kazi moja, kuchagua nani azae na nani asizae. Chama chetu kilizaliwa miaka mingi baadaye, chini ya mwembe wa mwanachama mmoja, na kinaendelea kukua.

Mafanikio ni makubwa. Tunacho kipimo cha urefu cha chuma, kilichochomelewa na fundi wa hapahapa mjini, na kinasoma sawasawa. Tunayo mashine moja ya kusoma chipu, ile ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi ya mbwa. Daftari letu la ukoo lina kurasa zenye namba na halijawahi kupotea. Tuna tenti mbili, ingawa moja ni ya kuazima. Langoni kila mbwa hukaguliwa kadi, chanjo ya kichaa cha mbwa iwe imepita siku 30 na isizidi miezi 12. Asiye na kadi anageuzwa, hata kama mwenye mbwa ni mjumbe wa kamati. Leo wamegeuzwa wawili, na mmoja wao bado amenuna kwenye maegesho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wapo wanaodhani hapa tunashindania urembo. Naomba tukueleze unachokiona ulingoni. Mwamuzi anaanza kwa kusoma chipu na kulinganisha na hati, maana bila hapo yote yanayofuata ni porojo. Anapima urefu begani, dume sentimeta 60 hadi 65, jike 55 hadi 60. Anafungua mdomo na kuhesabu meno 42, ya juu yakifunika ya chini kwa mbele bila kuacha nafasi. Kwa dume anapapasa korodani zote mbili. Moja ikiwa imebaki tumboni, mbwa huyo haendi mbele, kwa sababu kasoro hiyo hurithiwa na korodani iliyofichika huelekea kupata uvimbe uzeeni. Kisha mbwa anatembezwa na kukimbizwa mwendo wa wastani, anakwenda, anarudi, anazunguka, ili ionekane kama miguu ya nyuma inasukuma au inaburuta. Mbwa anayejificha nyuma ya mwenyewe, au anayeng'ata kwa woga akiguswa, anashushwa daraja hata awe mzuri namna gani. Wanunuzi wetu wengi huuliza swali moja tu, "Baba yake mkali?" Mbwa mwoga ndiye anayemng'ata mtoto wa jirani, na woga huo huwapa watoto wake.

Kikombe atakachokabidhi Mheshimiwa baadaye ni cha picha. Mali ya mfugaji ni ile karatasi ya mwamuzi. Ikisema jike ana mfupa mfupi wa mkono wa juu, basi mwenye jike anatafuta dume mwenye mfupa huo mrefu na ambaye watoto wake aliokwisha kuzaa wanao vilevile. Hamchukui dume aliyepitiliza upande wa pili. Mrefu mno kwa mfupi mno hakuzai wa wastani, hutoa kundi lenye warefu na wafupi ndani yake. Na tuseme kweli, maonyesho nayo yanaweza kuharibu. Mwamuzi akizoea kutunuku mgongo unaoteremka kama paa, wafugaji watamzalishia migongo hiyo hadi mbwa washindwe kusimama vizuri. Kwa hiyo tumewaomba waamuzi wa leo watazame mwendo kabla ya mkao.

Sasa tunafika kwenye shida yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yote tuliyoyataja yanaonekana kwa macho na kushikika kwa mikono. Nyonga haionekani. Mbwa wa miezi 18 mwenye kiungo kilicholegea anaweza kukimbia hapa mbele yako akapigiwa makofi, kwa kuwa misuli ya ujana inakishikilia kichwa cha paja kisichotulia kwenye kikombe chake. Miaka michache baadaye gegedu limesagika, mbwa anainuka kwa taabu, na wakati huo ameshazaa mara tatu. Ugonjwa huu hubebwa na vinasaba vingi kwa pamoja, hivyo hata wazazi wazima huweza kutoa mtoto mbaya, na ndiyo maana inabidi kupiga picha ndugu wote wa uzao, wala si yule anayekwenda kwenye maonyesho peke yake. Ulishaji nao huchangia. Mtoto wa mbwa mkubwa anayenoneshwa upesi, na juu yake akarundikiwa unga wa kalsiamu wa dukani kwa nia njema kabisa, huharibika mifupa. Hilo tunalisema kila mkutano na bado makopo yanauzwa.

Kuanzia miezi 12 mbwa anaweza kuonyeshwa ulingoni na anaweza kupigwa picha rasmi ya nyonga. Ujerumani jike haruhusiwi kupandishwa kabla ya miezi 20. Kuna miezi minane hapo ya kuamua kwa akili. Sisi miezi hiyo inapita mikono mitupu, tukigawa vikombe kwa mbwa ambao nyonga zao hakuna aliyeziona.

Picha yenyewe ina masharti. Mbwa hali chakula tangu jioni. Asubuhi analazwa usingizi na daktari, kisha anawekwa chali kwenye kihori chenye umbo la V. Miguu ya nyuma inavutwa ikae sambamba na kuzungushwa kwa ndani, mpaka pia za magoti zikae katikati ya mifupa ya mapaja. Namba ya chipu, tarehe na alama ya kulia na kushoto vinaingia kwenye picha palepale inapopigwa, havibandikwi baadaye. Wakimshika mbwa akiwa macho, anajipinda. Fupanyonga linalala upande, tundu moja la mfupa linaonekana kubwa kuliko la pili, na nyonga nzima huonekana mbovu au mbovu huonekana nzima. Wasomaji wa picha wanaikataa, na fedha imekwenda. Ikikubaliwa, Uingereza hutoa alama 0 hadi 53 kwa kila nyonga, jumla 106, na kadiri alama zinavyopungua ndivyo nyonga ilivyo bora. Nchi nyingine hutumia daraja A hadi E.

Leo hii mwanachama anayetaka picha ya namna hiyo hufunga safari ya Nairobi, kilomita kama 270, akipitia Namanga na vibali vya mifugo vya pande zote mbili, na mbwa asiyekula tangu jana. Wengi hawaendi. Hatuwalaumu.

Kwa hiyo ombi letu ni moja, Mheshimiwa. Tunaomba mashine ya eksirei ya kuhamishika, pamoja na bamba la kidijiti la kupokea picha, la sentimeta 35 kwa 43, kompyuta ya kuhifadhi picha, stebilaiza ya umeme (bila hiyo mashine haitamaliza masika), kihori cha V, aproni nne za risasi na vikinga shingo vyake, na vipimo vya mionzi vya kuvaa watumishi. Leseni itaombwa Tume ya Nguvu za Atomu, ambao ofisi yao ya Njiro si mbali, na daktari wa mifugo atakayeisimamia amekwisha kukubali. Chumba tunacho. Mashine haitakuwa ya German Shepherd peke yao, mbwa wa ulinzi na wa polisi wana nyonga zilezile, na mbuzi aliyevunjika mguu hatutamfukuza. Makadirio tumeyaambatanisha, nakala mbili, kwa kuwa nakala za kwanza tuliambiwa hazionekani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mashine hii si ngeni katika risala zetu. Mgeni rasmi mmoja aliyesimama hapo ulipo alituahidi kabla mwaka haujaisha. Tulipiga makofi, picha zipo. Tulipofuatilia tukaambiwa faili liko kwa wataalamu, na tunaamini wataalamu wanalisoma kwa makini sana. Mwingine aliahidi kusawazisha uwanja. Greda lilikuja kweli, likalala hapa siku mbili, likaondoka bila kugusa udongo kwa kukosa dizeli. Alama za matairi yake ndizo hizo mbwa wanazoruka. Hatusemi haya kwa lawama. Tunayasema ili ujue kwamba wajumbe wetu sasa wanaandika.

Kwa unyenyekevu tunaomba katika majibu yako utaje mambo mawili. La kwanza ni tarehe. La pili ni jina la ofisa tutakayemfuata, na namba ambayo hupokelewa. Kama bajeti haitoshi, tuambie hapahapa. Tutaanza na bamba na aproni, na mengine tutayachangishana.

Katibu ana daftari na kalamu. Baada ya majibu yako ulingo utaendelea na majike wa miezi 12 hadi 18.

Tunaomba kuwasilisha.