Risala ya Wanafunzi wa Fani za Afya Wanaojitolea Kliniki za Chanjo Vijijini, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Mganga Mkuu wa Wilaya, walezi wetu, wenyeviti wa vijiji, wazazi na wanafunzi wenzetu: mbukwenyi!

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Sisi ni wanafunzi wa udaktari, uuguzi, famasi na maabara. Jumamosi tunaungana na wauguzi wa zahanati kwenye huduma ya mkoba, katika vijiji ambavyo kituo kiko mbali. Sindano wanachoma wauguzi, au wenzetu wa miaka ya juu wakisimamiwa. Wengine tunapima uzito, tunajaza rejista na kusoma kadi moja moja kuona chanjo ipi imerukwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayoikuta imerukwa mara nyingi ni dozi ya pili ya surua na rubela. Ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, ya pili miezi 18. Kufikia hapo mtoto anakimbia, haumwi, na mama yuko shambani anaamia ndege wasimalize uwele. Kadi iko ndani ya mfuko wa nailoni, imechomekwa darini. Tusiwaite kina mama hawa wazembe; wakikumbushwa, wanakuja.

Kuna jambo ambalo wengi nje ya fani hawalijui. Chupa ya chanjo hii aghalabu ina dozi 10, na ikishachanganywa hutumika ndani ya saa 6 tu, inayobaki inatupwa. Muuguzi akiona watoto wawili kwenye benchi, mkono unakuwa mzito kuifungua. Ndiyo maana Ijumaa jioni tunapita nyumba kwa nyumba pamoja na mhudumu wa afya wa jamii, kwa Kiswahili na Kigogo, ili kesho yake benchi lijae. Kwetu hii ndiyo kazi yenye tija kuliko zote, na ndiyo inayokwama kwa kukosa nauli.

Tunaelimisha pia kuhusu chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, ambayo tangu 2024 ni dozi moja. Wazazi wanauliza kama inazuia kuzaa. Haizuii. Tunajibu kwa upole, na tunarudia, maana anayeuliza anamhofia mwanawe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba usafiri wa Ijumaa jioni na Jumamosi, hata kama ni mafuta ya pikipiki. Tunaomba visanduku baridi vya kubebea chanjo, kwa kuwa zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na jua letu la Novemba unalijua. Tunaomba pia watendaji wa vijiji watangaze siku ya kliniki mikutanoni na minadani, wiki moja kabla.

Tunaomba kuwasilisha.