Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Tanga: Turudishie mahasimu wetu

Mstahiki Meya,

Assalaam aleikum. Mimi ni fundi baiskeli, kijiwe changu kipo Ngamiani. Barua hii nimeiandika kwa mkono nyuma ya daftari la hesabu, mwanangu ndiye aliyeichapa. Sikuletei habari za mitaro wala taka. Hizo zina wenyewe, na wanazisema vizuri kuliko mimi. Langu huenda likaonekana jambo la kijiweni, na kweli lilianzia kijiweni.

Wiki mbili zilizopita wateja wangu wawili, watu wazima wenye wajukuu, nusura wakunjane mashati mbele ya benchi langu. Ugomvi wenyewe ni fainali ya kombe la mbuzi mwaka 1997, kati ya timu za mitaa miwili jirani. Mmoja anaapa walishinda kwa matuta. Mwenzake anasema mbuzi yule alimla yeye, na anakumbuka mpaka aliyepewa kichwa. Wakanigeukia mimi nitoe hukumu, maana tangu mwaka 1985, nikiwa kijana wa miaka 16, nimekuwa nikiandika matokeo ya mechi za mitaani kwenye madaftari ya kaunta. Nilikuwa nayo tisa. Mawili mchwa wameshakula.

Nikiwa nimeinama kuyapekua chini ya lundo la tyubu kuukuu, nikajiuliza swali ambalo halijaniacha mpaka leo. Mji una watu karibu laki nne, una Baraza la Madiwani, una maktaba, una redio. Vipi kumbukumbu ya nani alimfunga nani ikakaa kwangu, jirani na pampu na makopo ya grisi?

Sasa nikwambie ninavyouelewa mji huu, nawe utanisahihisha. Tanga ni mji wa wawili wawili. Wazee wa enzi za ngoma ya beni walikuwa na vikundi vya Marini na Arinoti, kila upande na sare zake, vyeo vyake na majenerali wake wa kujipachika, wakikomoana kwa ngoma na kwa sahani za pilau. Ikaja dansi: huku Jamhuri Jazz, kule Atomic na mtindo wao wa Kiweke. Kwenye taarab, Black Star na Lucky Star. Kwenye mpira, Coastal Union na African Sports. Mtu wa Tanga hakuruhusiwa kukaa katikati. Ukienda kuposa, kabla hujaulizwa kazi yako, shemeji mtarajiwa alishataka kujua wewe ni Coastal au Sports, na jibu lilikuwa na athari zake.

Watu wa nje wakisikia hivyo hudhani ni fitina tu za waswahili. Hawajui kwamba fitina hizo ndizo zilizotuzalishia mambo. Chukua taarab. Mpaka miaka ya 1950 taarab iliyoheshimika ilikuwa ya Unguja, ya okestra kubwa yenye fidla na ganuni, wapigaji wamekaa kwa adabu. Tanga hatukuwa na okestra ya namna hiyo. Tulikuwa na vijana wachache, magitaa na tamaa ya kusikika. Black Star wakaichukua taarab wakaipa gitaa la umeme na mwendo wa kuchezeka. Wakatoka Lucky Star wakasema na sisi tunaweza, tena zaidi. Kila mmoja akitoa wimbo, mwenzake halali mpaka apate jibu. Bi Shakila, Mungu amrehemu, tuliyempoteza Agosti 2016, sauti yake ilikulia katika mvutano huo kabla Dar es Salaam haijamchukua. Unguja na Mombasa wakaanza kutusikiliza sisi. Kungekuwa na kikundi kimoja tu, nadhani kingekuwa bado kinapiga harusini nyimbo zilezile mpaka leo.

Na santuri zile ziko wapi? Nyingi zilirekodiwa na kutolewa Mombasa, kwa Assanands, kwenye lebo yao ya Mzuri. Leo mtu wa Ulaya mwenye mapenzi yake anaweza kuwa nazo kabatini, akazifuta vumbi kila Jumapili. Mimi niliyezisikia zikipigwa kwa mara ya kwanza barabara ya tatu kutoka kwetu, nazisikiliza kwenye simu ya mjukuu, bando likiisha nimekwisha.

Nije kwenye mpira, ambako inabidi nikiri jambo hadharani. Mimi ni mtu wa Sports, Wana Kimanumanu, toka tumboni. Mwaka 1988 Coastal walipochukua ubingwa wa Tanzania, na Juma Mgunda yumo kwenye kikosi kile, nilijifungia ndani. Nje watu wanapiga madebe, Wagosi wa Kaya wamekuwa wafalme wa nchi, mimi nimelala kifudifudi naumwa na tumbo ambalo haliumwi. Lakini nikwambie siri, Mstahiki Meya. Usiku ulipotulia nilitoka, nikaenda kusimama peke yangu nje ya uwanja wa Mkwakwani, na nilijisikia mkubwa. Aliyebeba kombe alikuwa hasimu wangu, siyo mtu wa kuja.

Msimu wa 2015/16 ulituonesha upande wa pili. Tanga tulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal, Sports na Mgambo. Zote tatu zilishuka. Zote, msimu mmoja! Sijui kama kuna mkoa mwingine uliowahi kufiwa hivyo. Coastal walirudi msimu wa 2018/19, na Julai 2022 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga pale Arusha. Sare ya 3-3, Abdul Sopu kafunga mabao yote matatu, wakatolewa kwa penalti. Mimi mtu wa Sports niliruka mara tatu, na mara ya tatu niliangusha baiskeli ya mteja. Mwaka 2024 wakamaliza Ligi nafasi ya 4, wakaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Nawapa heshima yao. Ila wako peke yao. Sports tumebaki madaraja ya chini, na Coastal bila Sports ni kama mtu anayecheza bao peke yake: anashinda kila mkono lakini hana wa kumcheka.

Agosti 2023 ulikuwa na wageni wengi, bila shaka unakumbuka. Ngao ya Jamii, Simba na Yanga Mkwakwani, sifuri kwa sifuri, kisha kijana Ally Salim akapangua penalti mpaka watu wakasema ana mikono minne. Gesti zilijaa. Bajaji walivuna. Mama lishe wa jirani yangu alipika mara nne siku ile. Sikatai, fedha iliingia. Kesho yake mji ulikuwa umetulia kama maji ya mtungini, na watoto wa mtaani wanagombana Simba na Yanga. Nikamuuliza mmoja, mjukuu wa kipa wa zamani wa Sports, wewe na Coastal na Sports uko wapi? Akaniangalia kama nimemuuliza bei ya ngano Urusi.

Msemo wetu unasema waja leo waondoka leo. Tunausema kwa kujisifu, kwamba Tanga haikai na mtu asiyetakiwa. Hata majeshi ya Mwingereza yalishuka hapa tarehe 2 Novemba 1914, tarehe 5 yakawa yanarudi merikebuni, nyuki nao wakiwa wametoa mchango wao kwa kuwauma. Lakini siku hizi naona msemo umegeuka. Wanaokuja na kuondoka ndio wanaoandikwa, na sisi tunaobaki hatuandikwi. Msimu wa 2024/25 Coastal wenyewe walikuwa wageni: waliwapokea Yanga na Simba Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, kama wenyeji. Mwenyeji aliyepanda basi! Najua Mkwakwani si mali ya Halmashauri, ni wa Chama, CCM. Nataja tu ili uone jinsi mji unavyoweza kuhamishwa taratibu bila mwenyewe kushtuka.

Nataka nikukumbushe kitu kingine. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, Mjerumani akiwa bado hapa, gazeti la Kiswahili liitwalo Kiongozi lilikuwa likichapwa Tanga, kwenye shule ya serikali. Walimu na makarani waliotawanyika nchini walilipelekea habari za miji yao, nalo likawafikia wengine huko waliko. Yaani nchi nzima ilisoma habari zake kutoka kwetu. Leo fungua gazeti lolote utafute neno Tanga. Utakuta bandari, utakuta bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani. Sina ugomvi na bomba, vijana wamepata kazi. Lakini bomba halina utani wa jadi na mtu.

Hata silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani kabla ya binadamu kuwapo, wavuvi wetu walipoanza kumnasa kwenye nyavu alitafutiwa hifadhi yake rasmi, mwaka 2009. Nafurahi kwa ajili yake. Wapigaji wa Black Star walio hai wanaweza kuhesabika kwa vidole, na hakuna aliyewawekea hata kiti.

Basi, Mstahiki Meya, ninachoomba ni hiki. Turudishie siku ya mahasimu. Siku moja kwa mwaka, iwekwe kwenye kalenda ya Jiji kama mwenge ulivyowekwa: Coastal na Sports, Mkwakwani, vikosi kamili, siyo bonanza la wastaafu wenye vitambi. Daraja lisiwe kisingizio. Tukifungwa sita tutafungwa sita, tumeshazoea. Usiku wake, uwanja wa Tangamano, vikundi viwili vya taarab, viwili hasa, vipewe muda sawa na watu waamue kwa makofi na kwa kutunza. Mchana, kabla ya mpira, waletwe wacheza mdumange kutoka milimani na sengenya ya Wadigo wa pwani hii, nao waoneshane kazi. Mwalimu wa ngoma haandai wanafunzi kwa bidii kama ile anayowaandaa anapojua kuna watu upande wa pili wanaosubiri akosee.

Na ushindani unataka shahidi. Pasipo shahidi unakuwa ugomvi wa wazee wawili kwenye kijiwe cha fundi. Kwa hiyo naomba karani mmoja na rafu moja maktaba, pale King George, panapofaa kwa kazi hiyo. Kila kata ilete ukurasa mmoja kwa mwezi: matokeo ya mechi za mtaa, ngoma iliyochezwa, nani kaoa kwa shughuli ya kuvutia, nani kafariki na alikuwa nani. Nakala moja ibandikwe Mgandini sokoni na nyingine stendi ya Kange, ili watu waisome wakisubiri basi. Makosa yatakuwepo. Watu watakuja kulalamika kwamba bao lilikuwa la kuotea. Ndiyo raha yenyewe.

Utaniambia fedha hakuna. Mimi nilianza na daftari la kaunta na kalamu ya risasi. Utaniambia vurugu. Hilo nalichukulia kwa uzito, maana ziliwahi kutokea na watu waliumia, na sitaki mtoto wa mtu arudi na jiwe kichwani. Lakini vurugu ninazozikumbuka mimi zilizuka pale watu walipodhulumiwa na refa au tiketi zikauzwa mara mbili. Lipieni waamuzi kutoka nje ya mkoa, uzeni tiketi mapema, waiteni wazee wa pande zote mbili wakae jukwaa moja mbele ya macho ya vijana wao. Mimi nitakaa na wa Coastal kama ikilazimu. Nitavaa miwani nyeusi.

Madaftari yangu saba yaliyosalia nipo tayari kuyakabidhi maktaba siku karani atakapopatikana, bure, kwa sharti moja: yasifungiwe kabatini. Kijana yeyote aruhusiwe kuyafungua aone babu yake alipiga nje penalti gani.

Wako katika ujenzi wa Jiji,

Fundi baiskeli,
Ngamiani, Tanga.

N.B. Ile fainali ya 1997 nimeiona, ipo kwenye daftari la nne, matokeo na wafungaji. Sitayatangaza hapa. Wale wazee wote wawili ni wateja wangu, na mmoja bado ananidai tyubu.