Inchi tatu za kanzu

Ngamiani, Tanga

Ndugu yangu Shabani,

Asalaam alaykum. Huku wazima, watoto wanakula na kuvunja vitu. Mama anakusalimu, kila siku anauliza kwa nini hupiti tena. Nimemwambia kazi za Dar zimekubana. Sababu yenyewe unaijua.

Ni vile viatu. Arusini kwa Kombo, sahani ya pilau mkononi, nilisema mbele za watu kwamba umeingiwa na kiburi, viatu vinang'aa hadi mtu anyolee ndevu. Watu wakacheka. Wewe hukucheka.

Sasa sikiliza. Wiki moja kabla ya Idd nilikuwa nakata kanzu ya mzee mmoja, mrefu kama mnazi. Yule kijana ninayemfundisha akaniambia polepole, "Fundi, daftarini ni inchi 58." Mimi futi nimeishika kwenye 55, wateja wamejaa barazani. Nikamkemea, "Umeanza lini kushika mkasi wewe?" Nikakata. Mzee kuijaribu, ikamwishia katikati ya miundi. Unajua nilimwambia nini? Kwamba nguo kuishia juu ya kifundo cha mguu ni sunna! Shabani, nilimsingizia Mtume ili nifunike inchi zangu tatu. Mzee akalipa, akaenda zake. Kijana kainamia cherehani, kimya.

Jioni ile kwenye darsa, sheikh akaisoma hadithi ya Ibn Masud: mwenye chembe ya kiburi moyoni haingii Peponi. Mtu mmoja akamuuliza Mtume, je, anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri? Akajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Viatu, Shabani! Vimetajwa kabisa! Nikaona sheikh ananitolea macho mimi, kumbe anatafuta miwani.

Nami nilikuwa najihesabu mnyenyekevu kwa sababu ya shati langu la kiraka. Fundi nguo mwenye kiraka, hebu fikiri. Nadhani nalo lilikuwa tangazo. Mkono wangu naujivunia, sioni ubaya, miaka 20 si mchezo. Lakini kati ya najivunia na najivuna ni herufi moja tu, sijui niliidondosha wapi.

Mzee nimemshonea nyingine bure, nikampelekea hadi kwake. Hilo lilikuwa jepesi. Shughuli ni kijana. Kila asubuhi nafumbua mdomo, linatoka "lete chaki".

Ungekuwa wewe ungemwambiaje? Pembeni, au mbele ya wateja, kama nilivyomkemea? Nikimwomba radhi hatanipanda kichwani? Na wewe, ulishanisamehe au ulinyamaza tu? Maulidi utakuja? Ukija, vaa viatu vile vile.

Nduguyo,
Hamisi