Barua ya malalamiko: Michoro yetu ya umeme kupunguzwa ukubwa bila sisi kuulizwa

Ofisi ya usanifu wa umeme
Komini ya Kampemba
Lubumbashi, Haut-Katanga

Kwa Bwana Mkurugenzi
Kampuni ya kuchapa plani na michoro
Lubumbashi

Kuhusu: Maandishi yenye vimo tofauti ndani ya seti moja ya michoro

Bwana Mkurugenzi,

Seti za michoro mlizotuchapia kwa ajili ya kituo cha pampu upande wa Likasi tunazirudisha pamoja na barua hii. Hatuwezi kuziacha mikononi mwa mafundi. Karatasi ni nzuri, wino haukupauka, na aliyefunga vitabu alifanya kazi safi. Kasoro ni kwamba maandishi yamesinyaa, tena kila ukurasa umesinyaa kivyake, ilhali hati ya oda ilitaja saizi ya karatasi kwa kila ukurasa na kusema kwa herufi nzito: asilimia 100, bila kupunguza.

Kulithibitisha hilo hakuhitaji ujuzi wa umeme. Kwenye kona ya chini ya kila ukurasa tunachora mstari wa milimita 100, na juu yake tunaandika urefu huo huo. Chukueni rula. Katika kurasa za mwanzo, za A3, mstari una milimita 97. Katika orodha za terminali (sehemu za kufungia ncha za waya), ambazo ni za A4, una 94. Mpangilio wa tablo, yaani kabati la vifaa vya umeme, uliotakiwa kutoka kwenye A3 umetoka kwenye A4, na mstari wake una 71. Mchoro mkuu wa mstari mmoja, unaoonyesha umeme wa kituo chote kwa ufupi na ulioagizwa kwenye A1, umekunjwa vizuri kabisa ndani ya kitabu ukiwa A3, na mstari wake una 50. Hiyo ni seti moja, iliyotoka siku moja, kwenye duka moja.

Namba hizo zenyewe zinasema kilichotokea. Skrini ya kaunta yenu, ambayo kijana wenu alituonyesha bila kuficha (tunamshukuru, na tunaomba asiadhibiwe kwa hilo), ilikuwa imewekwa kwenye "Ajuster", yaani kulinganisha ukurasa na karatasi. Mashine nyingi haziwezi kuchapa hadi ukingoni mwa karatasi, kwa hiyo ukichagua hivyo programu inausukuma ukurasa wote ndani ya eneo inaloweza kulifikia. Hapo ndipo 97 inapotoka. Na haikuwa na sababu yoyote, kwa kuwa fremu yetu inaanza milimita 10 kutoka ukingoni; mngechagua "Taille réelle" (saizi halisi) usingepotea hata mstari mmoja. Ile 94 ina asili nyingine. Trei ya karatasi ndogo imeandikishwa kuwa Letter, saizi ya Marekani yenye milimita 216 kwa 279, wakati A4 ina 210 kwa 297. Gawanyeni 279 kwa 297, jibu ni 0.94. Inawezekana kila A4 inayopita kwenye trei hiyo, hata barua za mawakili na risala za harusi, hutoka imepungua kiasi hicho, ila wenye barua hawana sababu ya kupima.

Sisi tunapima, na tuna sababu. Vimo vya herufi katika michoro ya kiufundi havichaguliwi kwa kupendeza macho. Kiwango cha kimataifa cha ISO 3098 kimeviweka kwa ngazi: milimita 1.8, kisha 2.5, 3.5, 5, 7 na kuendelea, kila ngazi ikiwa takribani mara 1.4 ya iliyotangulia. Saizi za karatasi za A nazo zinapanda kwa uwiano huo huo. Ndiyo maana mchoro wa A3 wenye herufi za 2.5 ukipelekwa kwenye A4 kwa makusudi, herufi zinatua karibu na 1.8, ngazi halali ya chini yake, na bado zinasomeka. Katika seti hii namba za waya na za terminali tumezipa 2.5, majina ya vifaa kama kontakta na rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) tumeyapa 3.5, vichwa vya kurasa 5. Mngetuambia mapema kwamba mnataka kutoa kitabu chote kwenye A4, tungejadiliana, na huenda tungekubali.

Mlichotupa hakina ngazi. Waya ule ule una namba yenye kimo cha milimita 2.4 kwenye ukurasa mmoja, 1.8 kwenye mwingine, na 1.25 kwenye mchoro mkuu. Baya zaidi ni hili: jina la kifaa lenye 3.5 likipunguzwa hadi asilimia 71 linakuwa 2.5, yaani kimo kamili cha namba ya terminali. Fundi aliyezoea michoro hasomi kila herufi. Jicho lake limejifunza kwamba kubwa ni kifaa na ndogo ni terminali, na linaruka moja kwa moja. Mkichanganya vimo, mnaivunja alama ambayo hatukuiandika mahali popote lakini kila mtu kazini anaitegemea.

Tulipopiga simu, jibu lilikuwa kwamba maandishi "yanasomeka tu". Yanasomeka wapi? Juu ya kaunta yenu, chini ya taa nyeupe, ndiyo. Lakini mchoro wa tablo hufunguliwa hasa wakati umeme umezimwa, kwa sababu hakuna mwenye akili anayeingiza mkono kwenye tablo yenye moto. Fundi amepiga magoti, tochi iko kichwani, vumbi jekundu limekwisha kukaa kwenye plastiki ya karatasi. Hapo herufi ya milimita 1.25, ambayo mstari wake wa 0.25 nao umepungua nusu, inaziba matundu yake. 6 inafanana na 8, na 8 inafanana na B.

Na ndivyo ilivyokuwa. Waya wa udhibiti wa kontakta moja, uliopaswa kukaa kwenye terminali 6 ya safu ya terminali iitwayo X2, ulifungwa kwenye 8. Bahati njema mafundi wale hawawashi kitu kabla ya kupima mwendelezo wa kila waya kwa multimita, na kosa likaonekana tablo ikiwa bado haina umeme. Pampu haikuungua, mtu hakuumia. Kazi ilisimama, seti ikarudishwa Lubumbashi kwa gari, na msimamizi wa pale akatuuliza kama mjini tumeishiwa karatasi. Swali hilo tunalihamishia kwenu.

Kuhusu ule mpangilio wa tablo wa skeli ya 1:10, najua mtakachosema, kwa kuwa tumekiandika wenyewe kwenye jedwali la mchoro: usipime kwa rula, fuata vipimo vilivyoandikwa. Ni kweli. Lakini vipimo hivyo navyo ni maandishi, na vimepungua kama mengine. Fundi akishindwa kusoma kama bati la kupitishia kebo lina 160 au 180, atafanya nini kama si kuchukua rula? Akipima milimita 42 atapata sentimita 42, mahali ambapo tablo halisi ina 60. Skeli iliyoandikwa pale chini imekuwa uongo, na uongo huo una jina la ofisi yetu na sahihi yetu.

Kuna jambo la fonti, yaani umbo la herufi, pia. Faili za PDF mlikuwa nazo tangu mwanzo, na ndani yake herufi zimekwisha fungwa. Mkaomba faili asilia ya mchoro mkuu, ya DWG (aina ya faili ya programu ya kuchorea), ili plota, mashine yenu ya kuchapa michoro mikubwa, ichape vizuri zaidi. Tukawatumia folda nzima pamoja na faili za fonti zake, za aina ya SHX. Aliyeifungua alichukua mchoro peke yake akaiacha folda. Programu ya kuchorea isipoiona fonti hailalamiki sana. Inachukua nyingine iliyo karibu na kuendelea. Hiyo nyingine ilikuwa pana kuliko yetu, na ndiyo maana kwenye mchoro mkuu majina ya kebo yametoka nje ya visanduku vyake na kupanda juu ya mistari ya basiba (vipande vya metali vinavyogawa umeme ndani ya tablo). Kwa hiyo ukurasa huo umeharibiwa mara mbili: umepunguzwa nusu, na herufi zake si zetu.

Sitaki kuacha picha kwamba mashine ndizo zenye lawama. Plota yenu ni nzuri kuliko nyingi za hapa mjini, na ndiyo maana tulikuja kwenu ingawa kuna wachapaji wa bei nafuu karibu na ofisi yetu. Kilichokosekana ni mtu wa kusoma hati ya oda kabla ya kubonyeza, na mwingine wa kuweka rula juu ya mstari wa milimita 100 kabla ya kufunga kitabu. Kazi hiyo haimalizi dakika moja.

Tunaomba mchape upya seti zote kwa gharama yenu, kutoka kwenye zile PDF na si kutoka kwenye DWG, kila ukurasa kwenye saizi iliyoandikwa kwenye jedwali lake, na mchoro mkuu kwenye A1. Kabla ya kufunga chochote mtupigie simu. Tutakuja na rula yetu, na ukurasa ambao mstari wake hautafika 100, au utazidi, hatutaupokea. Nauli ya gari la kwenda na kurudi Likasi tunadai irudishwe. Risiti zake zimeambatishwa. Gharama ya muda wa mafundi tunaiacha, ingawa mteja wetu hakutuachia sisi.

Zaidi ya hapo, mtujibu kwa maandishi kuhusu mambo mawili: kwamba trei ile imebadilishwa kuwa A4, na kwamba faili yoyote ya ofisi yetu itachapwa kwa "Taille réelle" isipokuwa sisi wenyewe tumeandika vinginevyo. Ikiwa ukurasa hauenei kwenye karatasi mliyo nayo, msiupunguze. Tuulizeni.

Tunasubiri jibu ndani ya siku 7 za kazi. Likikosekana tutapeleka PDF hizi kwa mchapaji mwingine na ankara yake tutailetea kaunta yenu, pamoja na seti moja tuliyobaki nayo kama ushahidi.

Pokea, Bwana Mkurugenzi, salamu zetu za heshima.

Msimamizi wa michoro,
Ofisi ya usanifu wa umeme, Kampemba

Viambatisho: hati ya oda, risiti ya malipo, risiti za usafiri, picha za kurasa nne zikiwa na rula juu ya mstari wa milimita 100.