Barua kwa Mwanangu: Doa Jekundu Chini ya Gari

Buruburu, Nairobi
Jumamosi jioni

Mwanangu mpendwa,

Natumai u mzima. Sisi huku hatujambo, ila baridi hii ya Julai ndiyo inayotutesa, na mama yako anakusalimu sana. Jana uliponipigia simu nilikuwa kwenye foleni ya benki, nikakujibu kwa maneno mawili matatu ambayo baadaye niliyaona hayatoshi. Ulinieleza kwamba usukani umekuwa mzito asubuhi unapotoka kwenye maegesho hapo Roysambu, kwamba gari linaguna unapokata kona, na kwamba kuna doa jekundu kwenye saruji, upande wa gurudumu la mbele la kushoto. Kisha ukasema kuwa fundi wa mtaani kwenu ameshakwambia, bila hata kulala chini ya gari, kwamba raki, ile sehemu inayogeuza magurudumu ukizungusha usukani, imekufa na kwamba utafute nyingine. Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Wewe umepewa jina la mama yangu mzazi, naye hakuwahi kulipia kitu sokoni kabla ya kukigeuza mkononi mara mbili. Nakuomba, mama, katika jambo hili umfuate yeye.

Kwanza tuhakikishe kwamba tunazungumza kuhusu oili ileile. Maji ya kiyoyozi hayana rangi, maji ya rejeta huwa ya kijani au ya waridi, na oili ya injini iliyotumika huwa ya kahawia au nyeusi tititi. Usukani wa pawa, yaani unaosaidiwa na nguvu ya oili, wa Toyota 110 yetu unatumia oili aina ya ATF, ambayo ni nyekundu, lakini giaboksi ya otomatiki pia inatumia oili nyekundu, na wapo watu waliofungua usukani kumbe kinachovuja ni giaboksi. Kwa hiyo, injini ikiwa baridi, fungua boneti utazame kikopo cha oili ya pawa: kina alama ya joto na alama ya baridi, na kwa kuwa gari halijaendeshwa utasoma ile ya baridi. Ikiwa oili imeshuka chini ya alama, au ina povu kama maziwa yaliyopigwa, basi mgonjwa ni usukani. Lile guno ulilolisikia linanielekeza huko pia, kwa maana pampu inayovuta hewa pamoja na oili huguna kama mtu anayebeba gunia. Mkanda uliolegea hauguni. Huo hupiga kelele kali nyembamba.

Sasa nikueleze oili hiyo inavyofanya kazi, kwani ukiielewa safari yake hutadanganyika kwa urahisi. Injini inazungusha pampu kwa mkanda. Pampu inavuta oili kutoka kwenye kikopo na kuisukuma kwa nguvu kupitia hozi ya presha hadi kwenye raki, ambayo ni lile bomba refu la chuma lililolala nyuma ya injini likienda gurudumu hadi gurudumu. Ukigeuza usukani, vali iliyo juu ya raki inafungua njia upande mmoja, na oili inasukuma pistoni iliyo ndani ili isaidie mikono yako. Ikishamaliza kazi yake inarudi kwenye kikopo polepole kupitia hozi nyingine, ya kurudishia, ambayo imeshikwa kwa klipu za kawaida tu. Tairi zako tunazijaza upepo wa kiasi cha 30; ndani ya hozi ya presha, unapogeuza usukani gari likiwa limesimama, kipimo hichohicho kinaweza kupita 1,000. Ndiyo maana hozi hiyo haiungwi kwa mpira na klipu, hata fundi akikuapia, na ndiyo maana hupaswi kutafuta tundu kwa kidole injini ikiwa inanguruma. Oili inayotoka kwa nguvu hiyo kwenye tundu dogo inaweza kupenya ngozi.

Gari hili lilitengenezwa mwaka 1998 na kuingia nchini mwaka 2005. Chuma chake bado kiko imara, lakini mipira yake mingi ina umri unaokaribia wako, na mpira ukizeeka hukauka, hupasuka, hukataa kushika. Siku za baridi ndizo unazouona ukivuja zaidi, kabla injini haijapata joto na mpira kulainika kidogo. Kuvuja kwenyewe, basi, si ajabu. Swali ni mahali gani, na hapo ndipo nataka nikusimulie kosa langu.

Mwaka 2016, ulipokuwa kidato cha pili, gari hilihili lilianza kuacha doa pale nje ya nyumba. Nililipeleka kwenye gereji moja ambayo sitaitaja, wakalipandisha, wakaona oili imetapakaa kwenye raki, wakasema sili za raki, ile mipira inayozuia oili isitoke, zimekwisha. Mimi nikatazama, nikaona kweli raki imelowa, nikakubali. Nililipa shilingi 14,000 kwa raki iliyotumika kutoka Japani, bila kuhesabu malipo ya kazi na alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, kwa maana ukigusa raki lazima alaimenti ipimwe upya. Baada ya siku tatu doa likarudi palepale.

Safari ya pili nilikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa akifanya kazi chini ya mti Kariobangi. Hakuniuliza kitu. Aliosha kila kitu kwa brashi na maji ya sabuni, akakausha kwa tambara, akasubiri. Halafu akatandika katoni chini, akaniambia niwashe injini na nigeuze usukani kulia na kushoto taratibu, huku yeye amelala ubavu na tochi mdomoni. Baada ya muda akaniita niteremke nitazame. Chini ya klipu ya hozi ya kurudishia, juu kabisa karibu na kikopo, tone lilikuwa limejikusanya. Likanenepa, likaachia, likateleza polepole juu ya hozi kama jasho linavyofuata shingo, likafika kwenye raki, likatambaa hadi kwenye ule mpira wa mwisho wenye mikunjo kama ya kodiani, na hapo ndipo lilipodondoka kwenye katoni. Njia yote ile, karibu urefu wa mkono wangu, ilikuwa ya tone moja. Mzee alikata ncha ya hozi iliyokuwa imepasuka, akairudisha na klipu mpya, akanitoza shilingi 200. Raki yangu ya zamani, iliyokuwa nzima, ilikuwa imeshabaki kule gereji.

Sikusimulii haya ili udhani kila uvujaji ni wa klipu, la hasha. Nataka ujue kwamba oili hufuata chuma kuelekea chini, na kwamba sehemu iliyolowa zaidi aghalabu si sehemu inayovuja. Utafute mahali pa juu kabisa penye unyevu mpya, na usikubali kununua chochote kabla ya kuonyeshwa tone kwa macho yako, baada ya kila kitu kuoshwa na kukauka.

Kuna sehemu chache tu za kutazama. Kikopo chenyewe kinaweza kupata ufa. Hozi ya presha huvuja pale mpira unapoingia kwenye kichwa cha chuma, na pale inapofungwa kwenye pampu kwa boliti yenye washa, zile pete bapa, za shaba. Washa hizo zikifunguliwa huwekwa mpya, hazirudiwi. Pampu ikiharibika sili ya shafti, oili hutoka nyuma ya puli, lile gurudumu dogo linalozungushwa na mkanda, na kurushwa kwa mzunguko, utaiona imechora mstari kwenye vyuma vya jirani, na mkanda utalowa na kuanza kuteleza. Kuhusu raki, jaribio ni rahisi: fundi alegeze klipu ya ule mpira wa mikunjo. Ikiwa oili inamwagika kutoka ndani, sili za raki zimekwisha kweli na huyo fundi wa kwenu nitamwomba radhi. Ikiwa ndani ni kukavu na nje ndiko kulikolowa, raki haina hatia. Na lipo jambo moja ambalo mafundi vijana hulisahau. Toyota kadhaa za zamani zina vali ndogo kwenye pampu, iliyounganishwa na injini kwa kijibomba chembamba cha hewa, ili injini isizimike pale usukani unapokuwa mzito. Vali hiyo ikifa, injini hunyonya oili ya pawa na kuichoma, oili inapungua bila doa hata moja chini, na ekzosi inatoa moshi mweupe. Kwako doa lipo, kwa hiyo sidhani ndilo tatizo, lakini kuchomoa kijibomba hicho na kutazama kama kina oili ni kazi ya dakika moja.

Najua utaniuliza kwa nini usiwe unaongeza oili tu kila wiki hadi mwisho wa mwezi. Ukiongeza na ukipima kila siku, na tone ni la polepole, unaweza kufika. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo. Lakini oili hiyo ndiyo inayoilainisha pampu, na siku utakayosahau pampu itajisaga yenyewe, hapo tatizo la hozi litakuwa limezaa la pampu. Pia oili ikidondokea ekzosi yenye moto inaweza kuwaka. Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona moshi ukitoka chini ya boneti, egesha, zima injini, toka nje, nipigie simu baadaye. Tena oili ikiisha ghafla usukani hautakatika, gari bado litageuka, ila utahitaji nguvu ya mikono yote miwili, na sitaki ugundue jambo hilo katikati ya mzunguko wa Globe saa kumi na mbili jioni, matatu zikiwa zimekubana pande zote.

Ukiongeza, ongeza ATF ya Dexron tu, iliyofungwa chupani. Usikubali mtu akumiminie oili ya breki eti zote ni za haidroliki: oili ya breki huvimbisha na kuharibu sili za usukani, na ukishaitia ndani hapana tena cha kuokoa ila kuosha mfumo mzima na mara nyingi kubadilisha mipira yote. Magari mengine yana oili zake, Honda kwa mfano wana ya kwao, kwa hiyo usifuate ushauri wa jirani mwenye gari jingine. Zile dawa za kuzuia kuvuja, zinazouzwa kwenye vichupa, hulainisha na kuvimbisha sili zilizokauka. Zinaweza kukununulia wiki kadhaa ikiwa kosa ni la sili, lakini hozi iliyopasuka haziijui. Binafsi sizipendi, maana zinamfanya mtu aridhike.

Ikiwa ni hozi ya presha, tutaifungua na kwenda nayo mkononi Kirinyaga Road, kule ambako watu wa rika langu bado wanakuita Grogan, na tutailinganisha kona kwa kona na nyuzi kwa nyuzi kabla ya kutoa pesa. Hozi iliyotolewa kwenye gari jingine kuukuu sitaichukua, kwa kuwa mpira wake ni mzee kama wetu. Afadhali twende kwa mafundi wa haidroliki Industrial Area, wabane mpira mpya kwenye vichwa vyetu vya chuma kwa mashine. Ikiwa ni ya kurudishia, tutanunua mpira unaostahimili oili, si ule wa maji ya rejeta, ambao ukilowa oili huvimba na kulainika kama mandazi kwenye chai.

Kazi ikiisha, hewa lazima itolewe. Magurudumu ya mbele yanainuliwa na kuwekwa kwenye stendi imara, si kwenye jeki peke yake, kisha injini ikiwa imezimwa unazungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho, mara nyingi, huku mwingine akiongeza oili kila inaposhuka. Ndipo unapowasha injini na kurudia hadi viputo viishe na guno liondoke. Usiushikilie usukani ukiwa umefika mwisho kwa zaidi ya sekunde chache, si siku hiyo tu bali siku zote, kwa sababu hapo presha hupanda kabisa na oili hupata moto sana. Nimekuona ukifanya hivyo unapoegesha, nikanyamaza.

Basi kesho usiliendeshe. Mwambie fundi wako, kwa heshima, kwamba baba yako anakuja na kwamba raki isubiri. Nitatoka kanisani saa tano, nipande matatu ya Outering hadi Allsops, niunganishe hadi kwako. Nitabeba tochi, stendi mbili na nguo za kazi. Wewe tafuta katoni kubwa, ya friji ikipatikana, sabuni ya unga, brashi, matambara, na chupa moja ya ATF ambayo haijafunguliwa. Tafuta pia debe la kukingia oili kuukuu, kwa maana hatutaimwaga kwenye mtaro wa majirani.

Mama yako anasema nisije nikala chapati zako zote.

Ni mimi baba yako.