Barua ya chini ya sanduku

Mwanangu Nasra,

Assalaam alaykum. Barua hii nimeitia chini ya sanduku, baina ya shuka na kanga, uione ukishafika bweni. Uso kwa uso ungeniambia "mama, yashakwisha hayo".

Juzi ulimuuliza bibi yako ugonjwa wako huu wa ngozi isiyostahimili jua umetoka wapi, naye akajibu upesi: "Kwa kina babako." Mamangu huyo, namheshimu, lakini katoa nusu ya habari. Nusu ya pili ni mimi. Mimi na babako, kila mmoja ana nakala moja nzima ya jeni, yaani agizo la mwili tunalorithi kwa wazazi, iitwayo XPC, na moja mbovu. Nzima moja inatosha, ndiyo maana sisi tunashinda juani bila neno. Wewe ulipata mbovu zote mbili. Kwa wazazi kama sisi, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne iwe hivyo. Kaka yako bado hajulikani kachukua zipi. Amekubali kupima kabla ya kuoa, maana mchumba wake naye asili yake ni Maore, kisiwa cha Mayotte, kama sisi. Mwaka 2011 madaktari wa Kifaransa waliandika kwamba kule Maore mtoto mmoja katika kila 5,000 hivi ana hali yako, zeroderma pigmentosamu, na kasoro ni ile ile moja, inayorithishwa kisiwani kizazi baada ya kizazi. Basi wanaosema umerogwa waache waseme.

Mimi fundi cherehani, nimelielewa hivi. Mwale wa jua ukipiga DNA, ule uzi wa maandishi ya urithi ndani ya seli, hugandisha herufi mbili zilizo jirani, kama uzi unaofanya fundo chini ya sindano. Kwa watu wengine protini inayotokana na jeni ya XPC hupita ikipapasa. Ikigusa fundo, huita wenzake, wakafumua kipande cha herufi 30 hivi, wakakishona upya kwa kufuata uzi wa upande wa pili ambao haukuharibika. Kwako huyo mpapasaji hayupo. Fundo linabaki, seli inajinakili nalo, kosa linakuwa la kudumu. Makosa yakirundikana ndipo saratani inapoanza, na kwa wenye hali yako huanza utotoni.

Linaloniuma ni ile miaka ya mwanzo. Ulitoka madoa puani na mashavuni, mithili ya manyoya ya kanga yule ndege. Zahanati wakanipa dawa ya mba. Nikakupaka, kisha nikawa nakukalisha uani asubuhi, maana niliambiwa jua hukausha mba. Kwa mkono wangu mwenyewe, Nasra. Wenye kasoro ya XPC ngozi zao hazibabuki upesi kama za wenye aina nyingine za ugonjwa huu. Ungebabuka, ningeshtuka. Nilikuja kushtuka una miaka sita, kidonda cha mdomo kilipokataa kupona, wakakikata. Kovu unalijua.

Sasa ya shuleni. Kioo cha dirisha hakizuii miale yote, kaa safu ya ndani. Barua ya daktari ya kukutoa paredi mpe matroni siku ya kwanza, usione haya. Kivuli cha mwembe usikiamini: unakumbuka kile kipimo cha daktari cha miale ya jua, mshale ulivyopanda nasi tuko chini ya mti? Nikabu zako nimezishona tabaka mbili, kila kitambaa nimekishika kwanza mbele ya balbu nione kama mwanga unapenya. Watakusifu kwa ucha Mungu. Itikia tu, au waeleze, hiari yako. Kila Ijumaa jitazame kwa kioo na tochi, hadi ncha ya ulimi. Kipele kipya, nipigie siku hiyo hiyo, hata kama kuna mtihani.

Vidonge vya vitamini D viko kwenye kopo la kahawa. Miwani ya akiba nimeifunga ndani ya soksi ya kijani.

Mamako