Picha ya ukutani na pango la mishumaa

Mhariri,

Anayesema sanaa ya dini chuoni ni pambo tu aangalie Chuo Kikuu cha Notre Dame, chuo cha Kikatoliki huko Marekani. Ukuta wa maktaba yake una picha ya Yesu yenye urefu wa futi 134, iliyoungwa kwa vipande vya mawe mwaka 1964. Mikono imeinuliwa, na kwa kuwa anaonekana kutoka uwanja wa futiboli ya Kimarekani, ambako refa huinua mikono hivyo, mashabiki hutania kwamba ni refa anaashiria bao. Sioni kufuru hapo.

Ila moyo wa chuo, kwangu, ni pango la Bikira Maria, lililojengwa 1896 kama nakala ndogo ya lile la Lourdes, Ufaransa, ambako Wakatoliki huamini Maria alitokea. Mitihani ikikaribia, mishumaa huongezeka.

Ndiyo maana sikusikitika mwaka 2019 chuo kilipotangaza kufunika michoro ya Columbus, baharia Mkatoliki aliyefika Amerika 1492, ndani ya jengo kuu. Luigi Gregori aliichora miaka ya 1880, Wakatoliki wahamiaji wakidharauliwa Marekani, nao wakajivunia. Lakini wenyeji asilia wamo humo kama watu wa kunyenyekea tu. Wala haikubomolewa: mpango ulikuwa kuifunika kwa kitambaa, ifunuliwe pale somo linapohitaji.

Msomaji wenu,
Mwanza